Nyumba ya pili ufukweni: tupige hesabu kabla hujamwaga mawe

#1 Kokotoa

Wakuu, salaam.

Kila Desemba ikikaribia yanajaa maswali ya viwanja vya Bagamoyo, Kigamboni na Pangani. Muulizaji ana nyumba Dar tayari, sasa anataka ya pili ya kwenda kupunga upepo. Majibu huwa mawili tu: "ardhi haishuki" au "utalizwa". Uzi huu tuweke tarakimu, halafu mafundi na watu wa ardhi wamwage nondo.

Mfano: kiwanja na nyumba ya vyumba viwili, jumla milioni 90. Si bei ya mahali fulani, ni namba ya kukokotolea, wewe weka ya kwako.

Gharama kubwa kuliko zote haina risiti. Hiyo milioni 90 ingekuwa wapi? Kuponi (riba ya kila mwaka) ya hatifungani ya serikali (unaikopesha serikali) ya miaka 25 ilipopunguzwa mwaka 2022 ilibaki 12.56%, na riba yake haikatwi kodi. Tuseme 12% kavu: ni 10,800,000 kwa mwaka, na hapo hujamlipa mtu hata mmoja.

Uendeshaji wa mwaka sasa:

Mlinzi anayeishi hapo, 200,000 kwa mwezi: 2,400,000
NSSF (mfuko wa pensheni) upande wa mwajiri 10% na WCF (fidia kwa wafanyakazi) 0.5%: 252,000
Matengenezo, 1.5% ya thamani: 1,350,000
Umeme, maji, usafi, bando la kamera: 600,000
Kodi ya jengo kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla), 1,500 kwa mwezi: 18,000

Jumla 4,620,000. Ongeza ile riba uliyoikosa, unafika 15,420,000. Kodi ya ardhi sijaiweka kwa sababu inategemea eneo na ukubwa wa kiwanja.

Ukilala humo usiku 30 kwa mwaka, kila usiku umekugharimu 514,000. Ukilala usiku 90, ni kama 171,000. Ukilala 15, yaani Krismasi, Pasaka na Idi basi, ni 1,028,000. Kwa hela hiyo unapata chumba kizuri, chai ya asubuhi, na mtu wa kukutandikia kitanda.

Nawasilisha.

#2 Jembe Halimtupi

Mleta mada, umepika hesabu upande mmoja. Hatifungani inakurudishia milioni 90 ileile baada ya miaka 25, ikiwa imeliwa na mfumuko wa bei. Kiwanja kinapanda. Mbona hukukiweka?

#3 Kokotoa

Haki yako mkuu, nimekiweka sasa. Ila tutenganishe: kinachopanda ni ardhi, jengo linachakaa. Tuseme ardhi ni milioni 30 kati ya zile 90 na inapanda 10% kwa mwaka, hiyo ni 3,000,000. Jengo la milioni 60 linapoteza 2%, ni 1,200,000. Umebaki na 1,800,000. Gharama ya mwaka inashuka hadi 13,620,000, na usiku 30 unakuwa 454,000 kila mmoja. Imepungua, haijafutika.

Na hiyo 10% ukitaka kuipata yote, nunua kiwanja, weka mipaka, usijenge kasri. Ukijenga jumba kubwa mahali ambapo wanunuzi ni wachache, kila tofali unaloongeza linapunguza idadi ya watu wanaoweza kukununulia.

#4 Fundi Matumbawe

Nimeona hiyo 1.5% ya matengenezo. Kwa nyumba iliyo mita 300 kutoka baharini na inayofungwa miezi 10, ni ndogo. Weka 3%. Sababu zake hizi.

Chumvi. Upepo unaleta matone madogo ya maji ya bahari na kugandisha chumvi yake juu ya kila chuma. Cha ajabu, mahali panapooza kwanza si juu ya paa. Juu mvua inasafisha. Panapooza ni chini ya upenu, kwenye bawaba za madirisha, nyuma ya kiyoyozi, ambako mvua haifiki. Nyumba inayokaliwa, mtu anapitisha mpira wa maji kila wiki mbili. Nyumba iliyofungwa, hakuna. Bati lichukue la geji 28, ambalo ni nene zaidi, badala ya 30, lenye mchanganyiko wa aluminiamu na zinki (uliza AZ150), na skrubu ziwe zimepakwa kinga ya aina hiyohiyo. Kutu huanzia palipokatwa na palipotobolewa, basi fundi asikate bati kwa grainda: cheche zinaunguza rangi na ile kinga. Akate kwa mkasi. Komeo na bawaba ziwe za stenlesi ya 316. Ile 304 inayouzwa kama "haioozi" inatoa madoa ya kutu pwani.

Zege. Nondo ifunikwe na milimita 50 za zege, si 25 kama mnavyofanya Kimara, mbali na bahari. Wekeni vijiwe vya saruji chini ya nondo kabla ya kumwaga, msitumie vipande vya matofali, vinanyonya maji. Mchanga usitoke ufukweni na maji ya kuchanganyia yasiwe ya kisima cha chumvi, hata kama gari la maji limechelewa na mafundi wamekaa kivulini wanakula posho. Nondo iliyopata chumvi inavimba ndani, zege linapasuka kwa mstari ulionyooka kufuata nondo, na hapo kupiga plasta ni kuficha maiti.

Mchwa. Kabla ya jamvi (zege la sakafu), udongo uloweshwe dawa yenye fipronil au bifenthrin, lita 5 za mchanganyiko kwa kila mita ya mraba. Jamvi la mita 80 linataka lita 400. Fundi akija na chupa moja ya kupulizia nyanya, mrudishe. Halafu msingi uonekane angalau sentimita 15 juu ya ardhi pande zote, bila maua, bila kuni zilizopangwa ukutani. Mchwa hujenga njia ya udongo kupanda ukutani. Sentimita hizo 15 ndipo mlinzi ataiona na kuivunja. Ukizifukia, mtaonana na mchwa kwenye kenchi (mbao za paa).

Popo. Tundu la sentimita 1.5 linamtosha popo mdogo. Upenu uzibwe kwa wavu wa chuma wa matundu ya milimita 6, usizibwe kabisa, maana dari lisilopumua linaota ukungu. Dari la jipsamu kwa nyumba ya pwani inayofungwa sishauri.

Makuti ni mazuri na yana baridi, ila paa liwe na mwinamo wa nyuzi 40 kwenda juu. Hapo linafika miaka 5 hadi 8. Likiwa bapa, mvua inalala na majani yanaoza mapema. Na muulize wakala wa bima kabla, maana makuti yanapandisha bei au yanakataliwa. Mkiwa hapohapo kwenye bima, someni kifungu cha nyumba isiyokaliwa: nyingi zinapunguza au kuondoa fidia ya wizi nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku kadhaa, mara nyingi 30.

#5 Jembe Halimtupi

Fundi, na zile nyumba za mawe za zamani Pangani na Bagamoyo? Bei yake inavutia.

#6 Fundi Matumbawe

Zinavutia mpaka unapoanza kuzipaka saruji. Zile kuta ni matumbawe na chokaa, zinapumua: unyevu unapanda na kutoka. Ukizifunga kwa plasta ya saruji, unyevu na chumvi vinanasa ndani, plasta inabanduka na kipande cha ukuta. Zinataka chokaa, na boriti za dari zikaguliwe kichwa kilichoingia ukutani, maana ndipo zinapooza. Mafundi wanaojua kazi hiyo ni wachache na wanafanya kazi polepole, kama inavyotakiwa. Halafu mji mkongwe una masharti ya hifadhi, huwezi kutoboa dirisha unavyotaka.

#7 Karani wa Viwanja

Nizungumzie karatasi, maana nyumba ya pili huibiwa kwenye karatasi kabla ya kuibiwa pampu.

Kwanza mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa au kingo za mto. Anayekuuzia kiwanja "mguu majini" anakuuzia mwonekano. Mbali na sheria, bahari yenyewe inakula: Kunduchi ufukwe umemegwa kwa miongo mingi, na kuta za mawe walizojenga wenye nyumba zimehamishia mmomonyoko kwa jirani. Palipo na mikoko usiguse, ni msitu wa hifadhi.

Pili, mwenyekiti wa mtaa si msajili. Muhuri wake unathibitisha kwamba alishuhudia watu wakipeana hela. Kiwanja chenye hati, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati: jina la mmiliki, rehani, zuio la mahakama. Kiwanja kisicho na hati, tafuta mchoro wa mipango miji uone eneo limepangwa kuwa nini. Wengi wamejenga mahali pa shule. Ardhi ya kijiji ni habari nyingine: chini ya Sheria Na. 5 ya 1999 halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kuidhinisha kwanza. Omba muhtasari wa mkutano huo, uone tarehe na mahudhurio. Muuzaji akiwa na mwenza, idhini ya mwenza kwa maandishi.

Tatu, hati ya miaka 33, 66 au 99 inakuja na masharti, na moja ni kuendeleza ndani ya miezi 36. Wale wa "nanunua naacha" mlisome.

Nne, siku ya kuuza. Muuzaji analipa 10% ya faida kama kodi ya ongezeko la mtaji, na kuna ushuru wa stempu 1%. Nyumba unayoishi ina nafuu: faida isiyozidi milioni 15 haitozwi ikiwa umemiliki miaka 3 na kuishi humo jumla ya miaka 3. Nyumba ya mapumziko ya usiku 30 kwa mwaka itachukua zaidi ya miaka 36 kufikisha miaka 3 ya kuishi, piga hesabu mwenyewe. Basi risiti za saruji, nondo na fundi zitunzwe, kwa sababu faida ni bei ya kuuza kutoa gharama zinazothibitika. Bila risiti, gharama yako ni maneno.

#8 binti_pangani

Karani, na mlinzi akikaa miaka 12? Watu husema anamiliki.

#9 Karani wa Viwanja

Miaka 12 ni ukomo wa kufungua shauri la kudai ardhi. Mahakama zetu zimeshasema mara nyingi kwamba aliyekaribishwa hawezi kumpokonya aliyemkaribisha, hata akae miaka mingapi. Tatizo ni kuthibitisha kwamba alikaribishwa. Mkataba wa kazi wa maandishi, ukieleza kwamba chumba cha uani ni sehemu ya ajira na kitaisha nayo, malipo kwa simu au benki yenye kumbukumbu, na michango ya NSSF: hivyo vitatu vinamaliza mjadala. Anayelipwa mkononi kwa miaka 12 na kuachiwa alime mihogo ndiye atakayekusumbua. Akifa, watoto wake hawakujui kabisa.

#10 Mwana wa Mkwajuni, Kilifi

Hamjambo ndugu zangu. Huku kwetu Kenya hilo la miaka 12 lina meno zaidi. Mtu akikaa wazi, mfululizo, bila idhini yako kwa miaka 12, anaweza kwenda mahakamani adai ardhi iwe yake hata kama imesajiliwa kwa jina lako. Pwani yetu ina historia ndefu ya wenye ardhi wasioonekana na watu walioikalia, kwa hivyo kabla ya kununua Kilifi au Malindi tembea kiwanjani bila dalali, uliza nani analima pale na tangu lini. Ushuru wa stempu ni 4% mjini na 2% mashambani. Faida ya kuuza inatozwa 15% tangu Januari 2023. Ukipangisha kwa makazi, 7.5% ya kodi yote bila kutoa gharama, kwa mapato ya shilingi 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka. Asiye raia hapati zaidi ya miaka 99.

#11 Mrina Asali

Mnaongelea bahari tu. Nyumba za pili nyingi ziko Kilimanjaro: Rombo, Marangu, Machame na Kibosho, zinafunguliwa siku 14 za Desemba. Je, hesabu ya Kokotoa inazihusu?

Kwa sehemu. Usiku ni mchache, jengo ni kubwa kuliko matumizi, na kihamba (shamba la ukoo la Wachagga) hakiuzwi kwa mpita njia: ukoo unauliza kwanza, na mnunuzi wa nje hajisikii salama. Thamani ya kuuza ichukulie ni sifuri. Lakini nyumba ile haijajengwa kwa mapumziko peke yake. Wazee wapo, makaburi yapo, msiba ukitokea watu 40 wanalala wapi? Ukiikokotoa kwa usiku unaikosea. Kosa la kweli ni ukubwa: sebule ya kukaa watu 30, vyumba sita vyenye vyoo vyake, halafu Januari hadi Novemba bibi mmoja anafagia. Vyumba vitatu, baraza pana la kuweka turubai, choo cha nje cha wageni, jiko kubwa la kuni. Siku ya shughuli watu wanakaa nje hata hivyo.

#12 Kokotoa

Mrina, umenena. Yangu ifutwe kwa nyumba za nyumbani. Hii ni kwa nyumba za starehe.

#13 Jembe Halimtupi

Bado kuna Airbnb, mtandao wa kupangisha nyumba kwa wageni. Mkiwa hampo, nyumba inajilipa.

#14 Funguo Saba

Haijilipi, inafanyiwa kazi. Wikiendi 12 kwa mwaka, usiku mbili mbili, kwa 120,000: unaingiza 2,880,000. Toa mfanyausafi kila mgeni akitoka, kufua mashuka, gesi, maji ya boza, kamisheni ya mtandao, vyombo vinavyovunjika. Ukibaki na nusu umefanya vizuri, haifiki hata mshahara wa mlinzi kwenye mfano wa Kokotoa. Ili ifike, unahitaji wageni katikati ya wiki, na hao hawaji kwenye nyumba yenye barabara inayokatika Aprili.

Na ukianza kupokea wageni umekuwa mfanyabiashara: TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya halmashauri, leseni ya biashara ya utalii, tozo za malazi. Halafu siku unazozitaka wewe, Krismasi na Idi, ndizo pekee mgeni yuko tayari kulipa bei ya juu. Chagua moja. Atakayepangisha kwa mwaka mzima kwa kampuni, ajue kampuni inakata 10% ya pango na kuipeleka TRA (mamlaka ya mapato).

#15 binti_pangani

Upande wa maji hamjagusa. Kisima karibu na bahari: maji baridi yanaelea juu ya maji chumvi yaliyo chini ya ardhi. Ukichimba kirefu "ili upate mengi" unayafuata yale ya chumvi, na ukivuta kwa nguvu unayapandisha. Kisima kifupi, pampu ndogo, vuta kidogo kidogo kujaza tanki. Kikishageuka chumvi hakirudi haraka.

Mvua ni bora. Paa la mita za mraba 120, mvua milimita 1,000 kwa mwaka, kusanya 80%: lita 96,000. Ila inakuja masika na vuli, kwa hiyo tanki ndilo linaloamua. Watu wanne wakitumia lita 60 kila mmoja, lita 10,000 zinawapeleka siku 41. Kwa nyumba ya wikiendi zinatosha. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachie ipite kabla ya kuiingiza, imebeba vumbi, chumvi na mavi ya ndege.

#16 Nondo Kumi na Mbili

Jinsi ya kufunga nyumba, naandika mara moja, hifadhini.

Funga valvu kuu ya maji. Kila mtego wa maji (bomba lililopinda linaloshika maji) chini ya sinki, bafu na sakafu mwagia maji, kisha kikombe cha mafuta ya kupikia juu. Maji ya mtego hukauka kwa wiki chache, na ukikauka harufu ya shimo na mende wanapanda ndani. Mafuta yanazuia yasikauke haraka. Friji: zima, yeyusha barafu, kausha, acha mlango wazi kwa kuweka kitambaa. Magodoro yasimame, yasigusane na ukuta. Kabati zote wazi. Mtungi wa gesi ufungwe kwenye mtungi wenyewe. Sakiti breka zote chini isipokuwa taa za nje na kamera. Betri za asidi zisiachwe zimeisha chaji, zitakufa. Za lithiamu ziache kwenye nusu hivi. Pampu ya juu ya ardhi ing'olewe ifungiwe ndani, hiyo na nyaya ndivyo vinavyoibiwa kwanza. Vitasa weka unga wa grafaiti, usiweke mafuta, yanashika mchanga.

Siku ya kurudi, kabla ya kuoga: fungua madirisha, fungua bomba zote dakika tano. Maji yaliyolala kwenye joto la nyuzi 25 hadi 45 huotesha bakteria wanaoingia mapafuni kwa matone madogo ya bafu.

Na LUKU: kodi ya jengo inaendelea kuhesabiwa hata usiponunua umeme. Ukikaa miezi 8, manunuzi ya kwanza yatakatwa 12,000. Msimpigie kelele muuzaji wa vocha. Nyumba ikiwa na mita mbili, ripoti TRA wafute kodi kwenye moja, la sivyo unalipa mara mbili.

#17 Mrina Asali

Kokotoa, na familia tatu zikishirikiana?

#18 Kokotoa

Hapo ndipo namba zinaanza kusema ndiyo. Familia tatu zikitumia usiku 30 kila moja, ni usiku 90: tunarudi kwenye zile 171,000 za mwanzo, na nyumba haikai tupu muda mrefu mfululizo. Ila sajilini kwa hisa zinazotajwa kwenye hati, si jina la kaka mkubwa "kwa sasa". Andikeni kabla ya kununua: sikukuu zinazunguka vipi, kila mmoja anaweka kiasi gani kila mwezi kwenye akaunti ya matengenezo, na anayetaka kutoka hisa yake inanunuliwa kwa bei iliyopatikanaje. Mthamini aliyesajiliwa ndiye mwamuzi nafuu kuliko wote. Bila hicho kipengele cha tatu msianze.

#19 binti_pangani

Na asiye na wenzake?

#20 Kokotoa

Apange nyumba eneo hilohilo kwanza, si chini ya wikiendi sita ndani ya mwaka mmoja, mbili kati yake ziwe Aprili. Ahesabu alikwenda mara ngapi kweli. Akifika usiku 60 bila kulazimishwa na mtu, anunue.

#21 Jembe Halimtupi

Nimekubali nusu. Swali la mwisho kwa Karani: hizo mita 60 zinapimwa kutoka wapi, maana maji yakipwa ufukwe ni mpana kama uwanja wa mpira?

#22 Karani wa Viwanja

Usipime maji yakiwa yamekupwa, dalali anapenda saa hiyo. Nenda siku ya bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, angalia mstari wa takataka na mwani yalipoishia maji. Anzia hapo na mpima aliyesajiliwa, na mstari huo autie kwenye ramani yake.